Majani Tuliyoyachoma kwa Jina Lake

Makazi ya Sukhapada
9 Novemba 1997

Mdogo wangu Kulamani,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na mkeo na watoto ambao majina yao siyajui. Mimi sijambo. Ukoma uliniacha zamani. Mwaka wa themanini na nne daktari aliniandikia kwamba nimepona, ila vidole havikurudi. Kalamu naifunga kiganjani kwa kipande cha mpira wa baiskeli, kwa hiyo usiucheke mwandiko. Mume wangu Jogi alifariki wakati wa mvua za mwaka jana. Hukumjua. Alikuwa mtu wa utani, alisuka vitanda vya kamba, na kila siku alinisomea gazeti kwa sauti, hata siku ambayo halikuwa na habari. Nina mbuzi wawili na mpapai mmoja.

Mama hajambo? Magoti yake bado yanamsumbua mvua ikikaribia? Mwambie bado napika maboga kwa haradali kama yeye, na bado nazidisha chumvi.

Sasa nikueleze kilichonifanya niandike baada ya miaka yote hii. Serikali inatupa, sisi tuliougua ukoma, hati za nyumba tunazoishi hapa. Kila mtu anatakiwa kuthibitishwa na kijiji alikozaliwa. Wiki iliyopita niliitwa. Karani akafungua jalada, akasoma, akanitazama, akasoma tena.

"Mama," akasema, "kijijini kwenu Tentulipal wanasema Sebati binti Hadibandhu alifariki mwaka 1975."

Nikamwambia, "Loo! Na leo asubuhi nimekamua mbuzi. Nani atamwambia yule mbuzi?"

Foleni nzima ikaangua kicheko. Karani hakucheka. Alisema marehemu hapewi hati. Ninatakiwa nilete barua ya mwenyekiti wa kijiji inayosema kwamba niko hai, kabla ya mwezi wa Chaitra kwisha, yaani katikati ya Aprili. Nikishindwa, nyumba anapewa anayefuata kwenye orodha. Nimeishi humu miaka ishirini na miwili. Sakafu yake niliisiliba kwa kiganja na kiwiko.

Nadhani mtu alikosea kuandika. Wewe uko hapo hapo. Nenda kwa mwenyekiti, mwambie dada yako anapumua.

Dada yako,
Sebati


Tentulipal
14 Januari 1998

Dada Sebati,

Shikamoo, dada. Nakugusa miguu kutoka mbali. Nimechelewa kujibu, nisamehe. Ulikuwa msimu wa mavuno, na msimu wa harusi unakuja, kwa hiyo cherehani yangu haipumziki. Mimi ni fundi nguo siku hizi, nashona barazani pale marehemu baba alipokuwa akiweka majembe yake. Mke wangu Sulochana hajambo. Tuna watoto wawili. Mkubwa, Manorama, ana miaka kumi na tisa na amechumbiwa na watu wa Balipatna, watu wazuri. Harusi itakuwa mwisho wa Aprili, Chaitra ikishapita. Wa pili, Pramila, bado yuko shuleni.

Pole sana kwa msiba wa shemeji.

Dada, sijui niandikeje hili. Mama hayupo. Alifariki mwezi wa Agosti, siku ya tatu ya homa. Hakuteseka sana. Nilipaswa kukuandikia wakati ule. Anwani yako nilikuwa nayo. Sina zaidi ya kusema.

Najikuta nakumbuka vitu vidogo. Jinsi alivyokuwa akipuliza moto akiwa amefumba macho. Jinsi alivyoita kuku kwa jina moja wote, ili asimpendelee yeyote. Juzi nimekuta pini yake ya nywele ndani ya debe la mchele, nikakaa chini jikoni mpaka Sulochana akaniuliza kama naumwa.

Kuhusu ile karatasi, huenda ni kosa la karani wa zamani. Makosa ya namna hii yapo mengi. Nitaangalia nitakapopata nafasi.

Mdogo wako,
Kulamani


Makazi ya Sukhapada
2 Februari 1998

Mdogo wangu,

Barua yako nilisomewa, nikaomba nisomewe tena, kisha nikaichukua nikaisoma mwenyewe. Nilivunja bangili zangu, kama wajane wote, nilipofiwa na Jogi. Kwa mama sikuwa na cha kuvunja. Nilipika wali, nikaumwagia maji, nikauacha mpaka kesho yake, nikaula na kitunguu kibichi, kama alivyokuwa akitulisha siku za joto. Majirani walikuja kukaa nami.

Wasalimie Manorama na Pramila kwa niaba yangu. Wana shangazi.

Nina maswali mawili tu. La kwanza, mama aliniita? Mtu akiwa na homa huita watu.

La pili, huyo karani alikoseaje? Ataandikaje kifo cha mtu asipoambiwa na mtu? Kulamani, wewe tangu utotoni ukiwa na jambo unazunguka kama ng'ombe wa kinu cha mafuta. Niambie. Siku zinakwenda.

Sebati


Tentulipal
27 Februari 1998

Dada,

Wote hapa ni wazima. Mbwa amezaa. Ndivyo ninavyozunguka, umeona.

Si kosa la karani. Nilimwambia mimi.

Nilikuwa na miaka ishirini na miwili na watu wa Sulochana walikuwa wamekuja kuuliza habari zetu. Waliuliza kama nina ndugu. Baba akasema nilikuwa na dada, akaenda kuhiji kwenye hekalu la Puri na hakurudi. Wakasema, kama hakurudi, mmemfanyia ibada? Mtu asiyeonekana na asiyefanyiwa ibada huacha nyumba na mkosi. Baba akamwita kuhani. Kuhani akasema mwili usipokuwepo, hutengenezwa mwili.

Nakuandikia kila kitu, maana sijawahi kumwambia yeyote. Zilitakiwa konyo mia tatu na sitini, yaani vishikio vya majani, za mti wa mpalasa. Wanawake wa mtaani walichuma. Arobaini kwa kichwa, kumi kwa shingo, ishirini kwa kifua, na kuendelea, mpaka vidole. Kwa kichwa waliweka na nazi. Kuhani alifunga kwa uzi, na mimi nilimshikia uzi. Vidole vilikuwa kumi, vyote vizima. Nilivitazama vile vidole. Tukakuvika sari yako ya kijani, ile yenye ukingo mweusi. Tukakupeleka mtoni. Moto niliwasha mimi, baba alinipa kiberiti akarudi nyuma.

Majani makavu hayachukui muda, dada. Tulirudi nyumbani kabla maji ya kuoga hayajapata moto.

Na jambo baya zaidi ni hili. Miezi minne kabla ya siku ile nilikuja Sukhapada. Unakumbuka. Tulizungumza kupitia waya wa ua, ukanionyesha kikapu ulichokuwa unasuka. Nilijua uko hai kama ninavyojua mkono wangu.

Baada ya hapo nilikwenda kwa karani nikaandikisha. Kila mwaka, katika siku za kuwakumbuka waliotangulia, nimekutolea matonge ya wali pamoja na babu na bibi.

Na barua yako ya Novemba, tarishi aliishika kwa ncha za vidole alipoona mhuri wa Sukhapada. Nilimchukia. Kisha nikaisoma nimesimama, na nilipomaliza nilikwenda kunawa mikono. Sabuni ikiwa bado mkononi ndipo nikajiona.

Sasa sikiliza, nimetafuta njia. Nimekwenda kwa mtoto wa yule kuhani, ndiye aliyeshika kazi ya baba yake. Anasema maandiko yana jibu. Mtu aliyechomwa kwa majani kisha akarudi, huzaliwa upya. Analowekwa kwenye beseni la samli, anaoshwa, analazwa kwenye susu kama mtoto mchanga, ananong'onezwa jina sikioni. Jina jipya. Inaweza kufanyika uani kwetu, kimya kimya, kabla ya katikati ya Machi, Chaitra haijaingia. Mwenyekiti yuko tayari kuandika barua kwa jina hilo jipya, kwamba ni ndugu yetu wa mbali aliyekuja kutoka pwani. Utapata nyumba yako. Watu wa Balipatna hawatajua. Sulochana pia hajui.

Chagua jina lolote unalopenda. Nitakuja kukuchukua kwa gari la kukodi.

Mdogo wako asiyestahili,
Kulamani


Makazi ya Sukhapada
11 Machi 1998

Kulamani,

Hapa hatujambo. Mpapai umeangushwa na upepo.

Barua yako niliisoma kwa sauti mbele ya rafiki zangu, kwa sababu nilidhani nitalia nikiwa peke yangu. Kuntala, jirani yangu wa kulia, alicheka mpaka akashika ukuta. "Sebati, watakulaza kwenye susu? Kamba zitakatika! Na nani atakunyonyesha, yule mwenyekiti?" Mzee Bansidhar akasema, "Usikatae samli, mama. Kilo ngapi hizo? Ukitoka humo tukukaangie maandazi." Tulicheka sana. Halafu Bansidhar akasema nyumbani kwao yeye alichomwa mwaka 1962, ila yeye walimtengeneza kwa nyasi tu, hawakuhangaika na konyo.

Matonge ya wali. Mwaka wa njaa, 1979, hapa tulikula mbegu za maembe zilizosagwa. Ningeyapenda sana yale matonge.

Sikiliza sasa, maana sitaandika mara mbili, kiganja kinauma. Sitazaliwa tena. Nilizaliwa mara moja, na mama alikaa na uchungu siku mbili kwa ajili hiyo, alinisimulia kila nilipokuwa mkaidi. Jina langu alilitoa kwenye ua la sebati lililokuwa limechanua nje ya mlango. Sibadilishi. Anayezaliwa upya ni mtu aliyekufa kwanza, na mimi sikufa. Niliugua. Nilitibiwa. Niliolewa na mtu aliyenipenda. Nilipiga kura mara mbili kabla hamjanifuta. Yote hayo aliyafanya Sebati binti Hadibandhu wa Tentulipal, si ndugu wa mbali kutoka pwani.

Unasema watu wa Balipatna hawatajua. Kwa hiyo mara ya kwanza nilichomwa ili uoe, na mara ya pili nijifiche ili binti yako aolewe. Na Manorama akizaa binti, nitakuwa nani tena?

Ninachotaka ni kidogo. Simama mahali mnapofanyia mikutano, useme: tulichoma majani, dada yangu alikuwa hai, na mimi nilijua. Mwenyekiti aandike hivyo. Usipoweza, nitaelewa, kwa sababu nakujua. Nyumba nitaipoteza, nitahamia kwa Kuntala, ana nafasi ya kitanda. Lakini kama huwezi, usiniandikie tena, Kulamani. Wala usinipe wali.

Swali langu la kwanza hukulijibu.

Sebati


Tentulipal
6 Aprili 1998

Dada Sebati,

Karatasi ya mwenyekiti imo ndani ya bahasha hii, ina mhuri. Nakala nyingine nimeituma kwa karani wenu kwa barua ya rejista, ili isipotee.

Nimekuweka siku nyingi. Barua yako ilifika tarehe kumi na saba Machi. Kwa wiki mbili nilishona. Nilishona hata nguo ambazo hazikuwa na haraka. Sulochana alisema nina uso wa mtu mwenye jino bovu. Tarehe mosi nikamwambia. Alikuwa anapepeta mchele. Hakuacha kupepeta. Akasema, "Miaka ishirini na mitatu umelala kando yangu na hili?" Kisha akasema, "Baba yangu aliuliza swali moja tu, nanyi mkamchomea mtu." Mpaka leo anaongea nami kupitia Pramila.

Manorama nilimwambia mwenyewe. Alikuwa anajaribu blauzi ya harusi, pini bado ziko begani. Akauliza, "Anafanana na nani, shangazi?" Nikasema anafanana na wewe ukiwa umekasirika. Akasema, "Baba, ungesema mwaka jana ningekuwa nimeshamaliza kulia." Akaenda kuvua blauzi polepole, asijichome.

Jumapili nikaenda kwenye nyumba ya kusomea maandiko, mkutano ulipokuwa karibu kufungwa. Nilisema kama ulivyoniagiza. Sauti ilikuwa ndogo, wakaniambia nirudie. Kurudia kulikuwa kugumu kuliko kusema.

Mwenyekiti akanivuta shati. "Fundi, mwezi huu unaoza binti. Kichwa kimekupasuka?"

Kuhani akainuka. "Baba yangu aliambiwa Sebati amepotea hija! Mmemtia baba dhambini, alichoma mtu aliye hai!"

Basi bibi Hara, yule wa nyumba ya kisima, sasa haoni vizuri, akasema kutoka nyuma, "Kaa chini, mtoto wa Dinabandhu. Baba yako alijua. Mimi nilijua. Zile konyo nilichuma mimi, na wote tuliochuma tulijua Sebati yuko Sukhapada. Mlidhani tunachuma mboga?"

Watu walianza kutazama viatu vyao mlangoni. Dada, nilidhani aibu ile ni yangu peke yangu. Kumbe iligawanywa siku nyingi, ila kila mtu aliificha sehemu yake.

Mwenyekiti akasema, "Haya, haya. Tuandike kwamba karani alikosea. Karani wa wakati ule amekwisha kufa, hatalalamika." Watu wakacheka, wakafurahi kwamba njia imepatikana. Nakuambia ukweli, mdomo wangu ulikuwa umeshafunguka kusema ndiyo. Ningekupatia barua yako, jina lako lile lile, na hakuna ambaye angejua tofauti isipokuwa mimi na wewe. Nilikumbuka kwamba nilishakuandikia uongo huo huo mwezi wa Januari.

Nikasema, "Andika kwamba mdogo wake alimtangaza amekufa, akijua yu hai."

"Hakuna anayeandika hivyo kwenye karatasi ya serikali."

"Basi nipe niandike mimi, wewe ugonge mhuri."

Aligonga. Aligonga kwa nguvu mpaka wino ukaruka.

Leo asubuhi watu wa Balipatna wamerudisha sari ya uchumba, imekunjwa vizuri. Hawakutoa maneno mabaya. Walisema nyota za watoto zimeangaliwa upya na hazipatani. Manorama hatoki chumbani. Sikuandikii haya ili ubebe wewe. Nakuandikia kwa sababu nimeahidi nisifiche, na bado sijazoea.

Sasa swali lako. Ndiyo, mama alikuita. Usiku na mchana, siku zote tatu. Hakuwa akiweweseka. Alisema, "Mleteni Sebati." Mimi nilikuwa nikimjibu, "Yuko njiani, mama, amefika kituo cha basi." Siku ya tatu akaniuliza, "Basi gani hilo lisilofika?" Kisha akageukia ukutani. Nilikuwa na siku tatu, dada. Sukhapada ni mwendo wa saa tano.

Siombi kitu.

Kulamani


Makazi ya Sukhapada
19 Aprili 1998

Mdogo wangu Kulamani,

Mbuzi wote wazima. Joto limeanza, mchana hatutoki.

Karatasi ilifika siku mbili kabla ya mwisho. Karani yule asiyecheka aliisoma yote kwa sauti, kwa sababu sheria inasema isomwe. Alipofika kwenye "akijua yu hai" alishusha sauti, nikamwambia apandishe. Foleni yote ilisikia. Akaniomba dole gumba kwenye wino. Nikamwonyesha kwamba hilo dole halipo. Nikafunga kalamu, nikaandika jina langu lote pamoja na la baba na la kijiji. Lilipita mstari wake likaingia kwenye mstari wa Kuntala. Amenisamehe.

Hati ninayo. Iko chini ya mto.

Nimelia kwa ajili ya Manorama. Mwambie sikutaka nyumba yangu iwe na mlango uliotoka kwenye nyumba yake. Mwambie hivyo hivyo. Kama hataki kunisikia, usimlazimishe.

Kuhusu mama, sijui la kukuandikia. Siku ile niliyoisoma barua yako sikuweza kukupenda. Leo naweza kidogo. Kesho sijui. Usiniombe msamaha, na mimi sitakudanganya kwamba nimeshautoa.

Ila kuna jambo jingine. Baada ya karani kusoma, Bansidhar alikuja kwangu na kofia mkononi. Aliuliza kama mdogo wangu anaweza kumwandikia kaka yake huko Khurda. Hataki matusi, hataki dua. Anataka kaka yake aandikiwe na mtu aliyefanya jambo lile lile kisha akasimama akasema. Jioni wakaja wengine wawili. Mpaka jana walikuwa kumi na mmoja. Wanawake saba, wanaume wanne, wote ni marehemu kwao, wote wana tarehe zao. Sisi tukiwaandikia ndugu zetu, bahasha zinashikwa kwa ncha za vidole. Yako inaweza kusomwa.

Nimewaambia una mwandiko mzuri na kwamba una haya, kwa hiyo wasikutazame sana. Kuntala ana kitanda cha ziada. Funga cherehani siku chache, uje na karatasi nyingi.

Dada yako,
Sebati binti Hadibandhu, wa Tentulipal